Matawi Kwenye Bampa

Gari langu lina usukani kulia, na Baraka, mji wa ng'ambo ya ziwa ninakofanyia kazi, watu huendesha upande wa kulia. Anayejua magari ameshaelewa taabu yangu. Asiyejua, nimwambie tu kwamba nikiendesha ninakaa ukingoni kabisa mwa barabara, upande wa watembea kwa miguu, kiasi kwamba naweza kutoa mkono dirishani nikamsalimia mama mwenye beseni la ndagala, yaani dagaa, bila yeye kuacha kutembea. Nisichokiona ni kinachokuja mbele. Nikiwa nyuma ya lori, lazima aliyekaa kiti cha mbele kushoto achungulie aniambie, "Pita," au, "Ngoja kwanza." Polisi wa barabarani wakitusimamisha huenda dirisha la kushoto na kumdai leseni muuza samaki niliyempa lifti, naye muuza samaki huanza kujitetea.

Nilitoka Dodoma kuja kufundisha mafundi wa pampu za maji, na kwa kazi ile sikuhitaji gari. Pikipiki zilitosha. Lakini siku moja pikipiki iliniangusha kwenye tope mbele ya wanafunzi wangu, wanaume watupu, wakacheka mpaka wakashikana mabega, nami nina hasira za karibu. Likizo iliyofuata nilikwenda Kigoma nikanunua gari dogo jeupe, nikalivusha ziwa juu ya boti la mizigo, limefungwa kamba kama mbuzi. Nilinunua gari kwa hasira, na kitu ulichonunua kwa hasira huja kukuuliza hesabu yake baadaye.

Hesabu yangu ilikuwa viti. Gari lile lina viti vya watu watano, na mimi ni mmoja. Kila asubuhi niliwapita wanawake wamebeba mihogo, mgongo umepinda, kamba imebana paji la uso, na mimi nimepakia mkoba wangu tu. Nilijifunza kuangalia mbele bila kugeuza shingo. Haikusaidia, kwa sababu kwa usukani ule nilikuwa karibu nao mno; niliwasikia wanavyohema. Hatia ilikaa kwenye vile viti vitupu, tukaenda nayo kazini, tukarudi nayo.

Basi nikaanza kusema ndiyo. Mgonjwa, ndiyo. Harusi, ndiyo. Kwaya inakwenda kuimba Fizi, kule mlimani, wote kumi na mbili na ngoma yao, ndiyo. Mtaa mzima ukaanza kusema "gari yetu", na mimi nikajifanya nimefurahi. Watu walinisifu kwamba nina roho nzuri. Roho nzuri gani? Nilikuwa mtu mwenye aibu asiyeweza kukataa, na mtu wa namna hiyo siku moja atawaumiza wote anaowakubalia.

Mwenye nyumba wangu ni mjane, muuza samaki mkavu, mwimbaji wa kanisani, mwanamke wa maneno machache yenye ncha. Nilipofika alinipa siku mbili za ugeni, siku ya tatu akanipa ndoo na kunionyesha kisima. Anaishi na mwanawe mvuvi na mkamwana wake. Nataka kumzungumzia huyu mkamwana, kwa sababu kisa hiki ni chake, mimi nilikiharibu tu.

Alikuwa amekwenda kujifungua hospitali ya Nundu mara mbili, na mara mbili alirudi bila mtoto. Mara ya kwanza walimrudisha kwa pikipiki, wamembana katikati ya dereva na shangazi yake ili asianguke. Mara ya pili alirudi juu ya lori la mihogo. Na huko mwanamke anayetoka materniti na mtoto harudi kimya. Wanawake wa kwao humfuata kwa nyimbo, wanapakana poda nyeupe usoni na shingoni, na kila wanayekutana naye njiani hupakwa, awe ndugu awe mpita njia. Ukimwona mtu sokoni ana shingo nyeupe huulizi kitu, unasema hongera. Yeye mara zote mbili alipita kwenye barabara ile na shingo safi, na watu wakageuza macho kwa huruma.

Safari ya tatu, mimba ikiwa imekua, alikuja kusimama mlangoni kwangu akishika kiuno.

"Dada, ile njia inanijua na mikono mitupu," alisema. "Safari hii nataka inione na mutoto. Na gari, dirisha wazi, na pudre. Utanileta?"

"Nitakuleta," nikasema.

"Useme kweli. Si ya kunifurahisha tu."

Nikaapa. Hakuwahi kuniomba kitu kingine chochote, hata kiberiti.

Alijifungua salama, mtoto wa kike, sauti kubwa. Habari ilipofika, mwenye nyumba aliingia chumbani kwake akafunga mlango, tukamsikia akiimba peke yake. Wakamweka hospitali kwanza wamwangalie. Siku waliyosema aje achukuliwe ndiyo siku iliyopangwa maziko ya mzee mmoja wa kanisa lao. Watu wake walitaka alale kijijini kwao, juu kidogo ya barabara, ukishapita Lweba kabla hujafika Nundu. Jeneza lingekwenda kwa lori. Waliniomba mimi nibebe bibi vizee wasioweza kupanda lori.

Mwenye nyumba aliniambia waziwazi. "Nenda na msiba. Uyu binti atangoja kesho. Mutoto hakimbie."

"Nitafanya vyote, mama. Njia ni moja."

Aliniangalia kidogo. "Haya. We na gari yako."

Mshika mbili moja humponyoka. Msemo huo tulifundishwa shule ya msingi, tena niliuandika kwa mwandiko mzuri mpaka mwalimu akanisifu. Lakini nilikuwa nimekwisha kuapa kule, na huku siwezi kumkatalia maiti, na kwa kweli kuna kiburi fulani cha mwenye gari ambaye anataka asubuhi watu walie naye na mchana wafurahi naye.

Kabla msafara haujaondoka, vijana wa msiba walizunguka gari hadi gari wakifunga matawi mabichi, moja mbele kwenye bampa, moja nyuma kwenye buti. Kwetu ukikuta matawi barabarani ujue kuna gari limeharibika mbele, punguza mwendo. Kule, gari lenye matawi limebeba msiba, na anayekutana nalo husimama mpaka lipite. Hilo nilikuwa nalijua. Nisilolijua ni kwamba matawi ya msiba hayarudi nyumbani. Maziko yakiisha, vijana walewale waliofunga ndio wanaofungua, wanayatupa palepale, kisha ndipo magari yanageuka. Gari likiteremka kutoka huko bado lina majani, maana yake limebeba maiti mwingine.

Hakuna aliyeniambia, kwa sababu hakuna aliyefikiri ningeondoka kabla ya udongo. Ndivyo nilivyofanya. Mchungaji alikuwa bado anahubiri, nikatazama saa, nikainama kama mtu anayetafuta kivuli, nikateremka hadi gari lilipo. Bibi vizee wangerudi na lori la watu wengine, nilishaomba. Tawi la nyuma lilikuwa limebana buti, nami nilitaka kutoa vikapu vyao, nikaling'oa nikalitupa. La mbele halikunijia akilini. Dereva akishakaa haioni bampa yake. Simu yangu nilikuwa nimeitoa sauti kwa heshima ya marehemu, na nayo sikuikumbuka.

Langoni pa hospitali mlinzi alivua kofia. Alinifungulia upesi, akaja hadi dirishani kwangu na sauti ya chini.

"Pole, mama. Pitia kule nyuma."

Kule nyuma ni chumba cha maiti. Nikamwambia, "Mimi nimekuja materniti."

"Ni vile. Pole sana."

"Pole ya nini? Nimefuata mtoto!"

"Na mutoto tena," akasema, akaweka kiganja mdomoni.

Nikaona nimekutana na mlevi. Nilimpita kwa hasira, nikaegesha gari uso ukiwa kwenye ua wa majani wa materniti, na hapohapo mvua ikaanza. Walikuwa wananingoja barazani: mkamwana na mtoto, shangazi yake, na wanawake wawili wa kwaya waliotangulia tangu asubuhi. Walikuja wakikimbia kutoka nyuma ya gari, vitenge vichwani, macho kwenye matope wasiteleze, wakajirusha ndani wakicheka. Shangazi akakaa mbele kushoto. Mifuko ikaingia kwenye buti, pamoja na simu zao. Mkamwana akakaa nyuma yangu na mtoto kifuani, na kabla sijawasha gari kopo la poda lilikuwa limefunguliwa. Walipakana, wakampaka yeye, wakanipaka na mimi shingo nzima, vumbi jeupe likajaa hadi tukakohoa. Wakaanza kuimba. Kwao ni watu wa kanisa, na nyimbo za furaha na za msiba zinatoka kwenye kitabu kimoja.

Kutokana na mvua hatukufungua madirisha kama nilivyoahidi. Vioo viliingia ukungu. Nikamwambia mvua ikikatika nitafungua, akasema haina neno.

Tulipita nyumba za mwanzo. Wanaume waliokuwa barazani pa duka walisimama wote, mmoja baada ya mwingine. Nilidhani wanakimbia mvua. Mbele kidogo mzee mwenye baiskeli akashuka, akaishika kwa usukani, akainamisha kichwa wakati tunapita. Nilikuwa karibu naye sana, umbali wa mkono mmoja tu, nikauona uso wake, na bado sikuelewa. Nitasema nilichofikiri, maana ndicho kinachonichoma kuliko vyote. Nilifikiri, hatimaye wameanza kuniheshimu. Nilifikiri gari langu leo limefanya jambo la maana na watu wameliona. Nikapiga honi.

Mkamwana alifuta kioo kwa kiganja akachungulia.

"Dada, batu banasimama. Ni juu yangu?"

"Ndiyo," nikasema. "Ni kwa ajili yako."

Nikamwona kwenye kioo cha kati ameushika mkono mdogo wa mtoto, anaupungia kwenye kioo cha dirisha. Alikuwa analia na poda inachirizika mashavuni. Mwanamke yule alikuwa na furaha kwa namna ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima, na aliipata kwa sababu mimi nilimwambia jambo ambalo si kweli.

Lweba, mwanamke mmoja alikuwa anakuja na beseni la ndagala kichwani. Alipotuona alilishusha hapohapo kwenye tope, akaweka mikono kichwani, na mdomo wake ukafunguka. Sauti sikuisikia kwa ajili ya nyimbo. Samaki walikuwa wananyeshewa. Nikajiuliza kwa nini mtu aache samaki wanyeshewe hivyo. Hatua chache mbele yake, chini ya bati la duka, alijikinga kijana wa pikipiki wa mtaa wetu, anayetufahamu wote, anayejua nimemfuata nani Nundu. Nikampigia honi ndefu ya shangwe. Hakupunga mkono. Alirukia pikipiki yake kwenye mvua ileile, na muda si muda shangazi akaniambia, "Ngoja kwanza, kuna moto inapita." Pikipiki ikatupita upande wa kushoto kwa mwendo wa wazimu, yule kijana hakutuangalia.

"Anaenda kutangulia na habari," nikasema. Tukacheka. Shangazi akaongeza sauti ya wimbo.

Mvua ilikatika tukiwa tunaingia Baraka. Nikaanza kuteremsha vioo, na kabla sijafika kona ya kwetu nikasikia kelele. Sekunde moja nilidhani ni vigelegele. Halafu nikasikia vizuri, na mkono wangu ukaachia kitufe.

Ua wa mwenye nyumba ulikuwa umejaa. Viti vilikuwa vimetolewa nje, mikeka imetandikwa kwenye unyevu, sufuria kubwa ya wali imeepuliwa motoni kabla haujaiva. Wanawake wamejifunga vitenge viunoni. Mvuvi, yule mume, amekaa chini ameegemea ukuta, ameshika kandambili moja mkononi. Mwenye nyumba alikuwa katikati ya ua amepiga magoti, na mbele yake kopo la poda aliloliandaa limemwagwa lote, mvua imeligeuza uji mweupe ardhini.

Gari liliposimama kilio kikapanda. Hakuna aliyetazama ndani. Walitazama mbele ya gari. Kijana mmoja akaja polepole, akachutama mbele ya taa, nikaona mabega yake yanatikisika akifungua kitu. Aliposimama alikuwa ameshika tawi, majani yamelowa, akaliinua mbele ya kioo changu kwa heshima ili aliweke kando. Ndipo nikaliona.

Sikuweza kufungua mlango. Mkamwana ndiye aliyefungua wa kwake, akashuka na uso mweupe na mtoto kwenye kitenge, na watu walio karibu wakarudi nyuma wakikanyagana. Mtu mmoja alipiga yowe. Mkamwana alisimama pale anatafuta uso wa kumwambia kulikoni.

"Nani amekufa?" akauliza.

Mwenye nyumba alikuja kwa magoti, hakuinuka, akamgusa kwanza mkamwana mguu, akaubonyeza. Kisha akaingiza mkono kwenye kitenge, akamshika mtoto unyayo, na mtoto akalia ile sauti yake kubwa. Basi mama yule akasimama akampiga mkamwana wake begani, piga piga, kwa kiganja, huku anamvuta kifuani. "Ulikuwa wapi! Ulikuwa wapi!" Mvuvi alibaki palepale ukutani, anacheka na kulia, kandambili haijatoka mkononi.

Nilishuka mwishowe. Shingo yangu ilikuwa nyeupe, na niliona watu wanavyoitazama. Nikaenda kwa mwenye nyumba.

"Mama, ni mimi. Nilisahau matawi."

"Nimeona," akasema.

Afadhali angenitukana. Mwenyeji akikosa hupigiwa kelele, watu wakapatana yakaisha. Mgeni akikosa watu husema, "Hakujua," na mlango unafungwa kwa adabu. Mchana ule wote waliniambia hakujua, hakujua, hata kijana wa pikipiki aliyebeba habari alikuja kuniomba radhi mimi! Nilitamani mtu mmoja tu anikasirikie. Kwenye simu yangu nilikuta wamenipigia mpaka wamechoka.

Wale wa kwaya walijaribu kurudisha nyimbo. Haukupatikana hata mmoja uliofika mwisho. Kila aliyefungua mdomo alikuwa ametoka tu kulia kwa wimbo uleule. Wali ukaliwa nusu mbichi.

Mkamwana alinikuta nimekaa kwenye ngazi yangu. Alikuwa amenawa uso.

"Turudie," akasema.

"Wapi?"

"Njia. Ulisema banasimama juu yangu. Kumbe baliniona maiti. Turudie sasa, banione."

Nikamwambia njia imeharibika kwa mvua. Nikamwambia kesho. Njia ilikuwa na matope, sidanganyi, lakini jua lilikuwa bado juu na nilishapita kwenye matope mabaya kuliko yale. Niliogopa nyuso. Nilijua nitakaa ukingoni kabisa, karibu nao, mkono mmoja tu. Yeye akasema, "Haya, kesho," akaenda, na hiyo kesho nayo ninaibeba mpaka leo.

Maana maji yakimwagika hayazoleki. Watu waliosimama jana yake walikuwa na simu na miguu, na kesho yake asubuhi rambirambi zikaanza kuingia. Wakaja wawili wa sokoni. Wakaja watu wa kanisa la jirani na kuni. Mkamwana aliwapokea mwenyewe mlangoni, mtoto mkononi, na kila mara ilibidi angoje wamalize kushtuka. Halafu ikafika pikipiki kutoka upande wa Nundu, imembeba mama yake mkubwa, mwanamke mnene wa makamo, amepakata unga wa msiba umefungwa kwenye kitenge. Alianza kulia tangu kona. Alikuwa anamwita kwa majina ya utotoni, anamlaumu kwa nini ameondoka bila kuaga. Mimi nilikuwa upande wangu wa ua, nasikia kila neno.

Mkamwana alitoka akasimama mbele yake.

"Karibu, mama mukubwa," akasema. "Mwenye alikufa ni mimi. Ingia ukule."

Mama mkubwa aliangusha unga. Sikungoja zaidi. Niliingia ndani nikachukua ufunguo, nikaliwasha gari, nikafungua milango yote minne. Sikumwita mtu. Mkamwana alikuja akakaa mbele kushoto na mtoto mapajani. Mama mkubwa akapanda nyuma, bado anamshika bega kama atakayetoroka. Mwenye nyumba alitoka dukani na kopo jipya la poda, lakini kabla hajapanda alikwenda mbele ya gari, akainama, akapitisha mkono kwenye bampa kutoka pembe hadi pembe. Kisha akapitisha tena.

"Twende," akasema.

Tulikwenda na madirisha wazi. Mkamwana alikuwa macho yangu barabarani, "pita," "ngoja kwanza," na katikati ya hayo alikuwa anaita watu. "Bamama! Ni mimi wa jana! Niko muzima! Mutoto huyu!" Nilipotaka kuongeza mwendo alinigusa mkono. "Polepole, dada. Banione." Kila kundi la watu nililiona likifanya jambo lilelile: kwanza walitazama bampa, halafu ndipo walitutazama sisi. Wengine walicheka, wengine walikuja mbio wapakwe. Mzee wa baiskeli hatukumkuta. Naye labda mpaka leo anajua kwamba siku ile ya mvua alimpisha marehemu.

Lweba tulimkuta yule mwenye beseni, amekaa kando ya barabara anauza. Aliliona gari kabla sijalisimamisha. Alitazama bampa, akainuka, akavuka hadi dirisha la kushoto.

"Mama, jana ulinililia," mkamwana akamwambia. "Sikuwa nakujua. Asante. Ona mutoto."

Yule mwanamke aliinama akamwangalia mtoto kwa muda mrefu, akacheka, machozi yakamtoka. Akaomba kopo. Alimpaka mkamwana mashavu yote mawili na shingo, akamgusa mtoto kwenye paji la uso kwa kidole kimoja. Akafungua mlango wa nyuma akampaka mama mkubwa, akampaka mwenye nyumba, wakashikana mikono kama watu waliotoka mbali pamoja. Halafu akazunguka mbele ya gari, akaja upande wangu. Nami nilikuwa nimeshanawa poda ya jana. Nilitoa shingo nje ya dirisha.

Alisimama karibu yangu, mkono mmoja tu, viganja vyake vimejaa poda. Alinitazama. Kisha akavifuta viganja kwenye kitenge chake, kimoja, na cha pili.

"We endesha tu," akasema.